Hawajakula Chuma Bado

Mujukuu wangu anafundisha shule ya musingi hapa Nchelenge. Jioni akimaliza kusahihisha madaftari, anapenda kunisomea vitu katika simu yake. Ananisomea bei ya mihogo, habari za askofu, habari za ng'ambo ya ziwa kwetu. Siku moja alinisomea habari za meno ya wadudu. Alisema watu wenye kusoma sana wamepima midomo ya chungu, jamaa ya siafu, wakakuta ndani yake kuna zinki. Haikupakwa juu kama inavyopakwa kwenye malata, mabati ya nyumba. Imeingia ndani, imechanganyika na jino lenyewe, pale kwenye ukingo wa kukatia tu. Nge naye anayo kwenye ncha ya mukia. Buibui anayo kwenye jino. Na kuna munyoo mumoja wa baharini mwenye shaba mudomoni. Hapo nikacheka, nikasema basi huyo alifanya kazi migodini kwetu Katanga.

Akaendelea kusoma. Chungu akizaliwa, hiyo zinki hana. Anatoka laini, mweupe-mweupe, na meno yake hayashiki kitu. Inamuingia baadaye, siku kwa siku, mpaka anakuwa mwekundu na mugumu.

Nilikuwa ninachambua maharagwe. Mikono ikasimama juu ya lungo.

"Nkambo, unaumwa?" akaniuliza.

Nilimwambia siumwi, asome tena pale pa chungu mweupe. Akasoma tena.

Maneno hayo nilikuwa nimekwisha kuyasikia, katikati ya miaka ya sabini, kisiwani Kilwa, hiki cha ziwani kwetu, si kile cha baharini. Niliyasikia kwa mama asiyejua hata kuandika jina lake, mama wa mume wangu. Aliniambia, "Wale weupe uwaache. Hawajakula chuma bado." Sikumusikiliza. Kwa kutosikiliza kwangu, muguu wa mutu uliharibika, na jina la mama mukwe wangu likaharibika pamoja nao, na mimi nikanyamaza. Ndiyo sababu nimenunua daftari hili, mimi niliyefika darasa la tatu tu kwa masista. Majina ya watu wote wa siku ile ninayo: aliyekuwa pwani, aliyeshika muguu, aliyesema nini. Ila hapa sitaandika jina hata moja, maana watoto wao tunauza nao soko moja.

Mimi nilizaliwa ng'ambo, upande wa Congo, na Kiswahili ndicho nilichonyonya. Niliolewa kisiwani na muvuvi aliyekuja kwetu kuuza samaki. Pale Kilwa nyumbani walisema Kibemba, na Kiswahili kilikuwa cha wachuuzi tu. Kwa hiyo mwaka wa kwanza nilikuwa kama mutoto, ninaelekezwa kila kitu kwa kidole. Mama mukwe peke yake alijitahidi kunisemesha kwa lugha yangu, akiivunjavunja. Nilimwita bamayo, kama wanavyoita mama huko, na nilipiga magoti nilipompa maji, lakini si kwa adabu tu. Nilimpenda.

Kazi yake ilikuwa kufunga vidonda. Kisiwani watu wanakatwa kila wiki: kisu cha samaki, mwiba wa samaki ngege, shoka, chupa muchangani. Hospitali iko huku Nchelenge, na kati ya kisiwa na hospitali kuna ziwa. Siku ya upepo hakuna anayevuka. Basi mutu akikatwa sana alipelekwa kwa mama mukwe, na yeye alimushona kwa impashi. Impashi ni wale siafu wekundu wanaotembea msafara kama kamba, wanaoingia nyumbani wakati wa mvua za kwanza na kuwatoa kuku na watu. Katika msafara kuna wadogo wanaobeba, na pembeni kuna wale wakubwa wenye kichwa kama punje ya muhindi na meno mawili yaliyopinda.

Mama mukwe aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, akabana midomo miwili ya nyama kwa vidole vya mukono wa kushoto. Kwa mukono wa kulia alimushika impashi mukubwa mugongoni, akamukaribisha. Impashi anauma huku na huku, meno yanapita nyama zote mbili. Hapo mama mukwe anamukata kiwiliwili kwa ukucha. Kichwa kinabaki kimeuma. Anaweka kingine kando yake, na kingine, mpaka kidonda kinafungwa kwa mustari wa vichwa vyekundu. Baada ya siku tano, sita, nyama imeshikana, anaviokota kimoja kimoja. Nimeona kichwa cha mutoto kilichopasuliwa na kasia kikifungwa hivyo, na mutoto akirudi kucheza. Mama wote wa watoto aliowashona, walipokutana na mama mukwe njiani, walipiga magoti na kupiga makofi polepole, kama kwa chifu.

Lakini macho yake yalikuwa yanakwenda. Mwaka ule yalikuwa yameingiwa na ukungu, aliona mutu kwa umbo tu. Na vidole gumba vyake vilikuwa vimekauka kwa moshi na chumvi ya samaki, vigumu kama ganda la muti. Kwa hiyo akanichagua mimi nimuokotee impashi. Alinifundisha. Umushike nyuma ya kichwa, si tumboni. Umuumishe ncha ya kitenge chako, uinue, utikise. Akining'inia, ni wako. Akianguka, umuache aende. Na wale weupe-weupe wanaotembea kama wamelewa, hao uwaache kabisa, hata kama kichwa ni kikubwa. Hawajakula chuma bado. Nilifikiri ni maneno ya wazee. Chungu anakula chuma wapi? Sikuuliza.

Kitu ambacho yeye hakujua ni kwamba niliwaogopa. Nilipokuwa musichana mudogo nilikanyaga msafara wao nikichota maji, wakanipanda mpaka kichwani, na mama yangu alinivua nguo zote mbele ya watu ili aniokoe. Mpaka leo nikishikwa na homa, ninawaota hao. Lakini nilikuwa muke mugeni, na mimba ya miezi minne, na mama mukwe alikuwa amenichagua mbele ya wake wa wanawe wengine. Ningesemaje kwamba ninaogopa wadudu?

Aliyeumia alikuwa muchuuzi mumoja wa kwetu ng'ambo, mwanamuke munene, mwenye mudomo, aliyeleta sabuni na vitenge na kuondoka na samaki mpumbu waliokaushwa. Nilimwita yaya, kama dada mukubwa, maana alikuwa akiniletea salamu za mama yangu na mara nyingine mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, kwenye chupa. Siku ile alileta malata matano ya kanisa dogo la pale kisiwani. Mvua ilikuwa inakuja na upepo ulikwisha kuanza. Wanaume waliinua lata la kwanza kutoka mutumbwini, upepo ukalikamata kama karatasi, likawaponyoka, likashuka kwa ukingo wake nyuma ya muguu wa yaya, chini ya goti. Nyama ilifunguka mpaka nikaona weupe ndani.

Hakulia. Alikaa muchangani, akautazama muguu wake kama mali ya mutu mwingine, akasema malata yenyewe hayajafika kanisani yameanza kuomba sadaka.

Kuvuka kulikuwa hakuwezekani. Mawimbi yalikuwa yanafunika mawe ya pwani. Wakambeba mpaka kwa mama mukwe, na mama mukwe akamufunga kamba ya gome juu ya goti, akaniambia niende mbio. Asubuhi ile msafara wa impashi ulikuwa umeonekana nyuma ya shamba la mihogo.

Nilikwenda na chungu kidogo cha udongo chenye mufuniko. Msafara ulikuwa umekwisha kupita karibu wote. Uliobaki ulikuwa mukia wake. Walikuwa wanahama, wengine wamebeba watoto wao weupe kama mchele. Wale wakubwa wekundu walikuwa wachache, wamesimama pembeni, vichwa juu, meno wazi. Nilishika wa kwanza, akageuka akanichana kidole. Nikamutia chunguni. Wa pili aliingia chini ya ukucha wangu mpaka damu ikatoka, na nilipomuvuta ili nimutie chunguni hakuachia upesi. Nililia. Wengine walikuwa wameanza kupanda muguu wangu. Nikaruka nyuma, na nilipotazama chini tena niliwaona: wakubwa, vichwa vizuri, lakini rangi ya asali ya kwanza, weupe-weupe, wanayumbayumba katikati ya wenzao. Nilinyosha mukono. Wa kwanza aliuma kidole changu, na haikuwa kitu, kama mutoto anayeuma kwa ufizi.

Nisidanganye hapa. Nilijua. Sitasema kulikuwa na giza au haraka. Nilikumbuka neno la bamayo, na nikaokota weupe saba, kwa sababu hawakuuma.

Nilipofika, yaya alikuwa amelazwa kifudifudi juu ya mukeka, wanawake wawili wameshika miguu. Mama mukwe alinyosha mukono wake bila kugeuka.

"Uliwapima?" akaniuliza.

"Niliwapima, bamayo."

Ndiyo maneno yote niliyosema. Yeye akafungua mufuniko wa chungu. Wa kwanza niliyemupa alikuwa mwekundu, na bamayo alianzia katikati ya kidonda. Yaya alishituka, akasema kwa sauti ya kuchekesha ili asilie, "Mama, ushone polepole. Mimi hapana kitenge." Wanawake wakacheka. Wa pili alikuwa mwekundu. Kisha nikaanza kumupa weupe, mumoja mumoja, nikiwashika vizuri ili asihisi ulaini wao. Waliuma, ndiyo. Meno yao yalipita kwenye ngozi, vichwa vikabaki. Vikiwa tisa vilifunga kidonda chote, na mutu aliyetazama aliona kazi nzuri kama siku zote. Wakamupigia bamayo makofi.

Upepo haukulala siku mbili. Siku ya kwanza yaya alikula bukari, yaani ugali, na samaki, akatutania. Aliwaambia wanawake kwamba amepata mushono wa Kilwa, sasa atauzwa ghali. Siku ya pili alianza kuwa na joto. Asubuhi iliyofuata alijaribu kusimama ili ajisaidie, akakanyaga kwa muguu ule, na kidonda kikapasuka chote. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Vichwa vilikuwa vimening'inia upande mumoja, meno yamepinda kama nta iliyowekwa juani. Kidonda kilikuwa wazi juu na wazi chini. Katikati tu, mahali pawili, nyama ilikuwa bado imeshikwa.

Mama mukwe aliitwa. Alipiga magoti, akapitisha kidole gumba juu ya kidonda tangu mwanzo mpaka mwisho. Kilipofika pale katikati kilisimama. Akarudi nyuma, akapitia tena. Alikivunja kichwa kimoja cha juu kwa ukucha, akakisugua katikati ya vidole viwili, mpaka kikawa unga. Kisha aliinua uso wake, na macho yale yenye ukungu yakaelekea upande wangu. Sijui aliona nini. Aliomba maji ya chumvi.

Muchana upepo ulitulia, wakamuvusha yaya mpaka Nchelenge hospitalini. Alikaa huko mpaka mvua zilipokuwa katikati. Muguu haukukatwa, Mungu asifiwe, lakini muganga wa pale alilazimika kuondoa nyama iliyooza, na kilichobaki kilikauka kimevutwa. Kisigino chake hakikugusa chini tena. Alitembea kama mutu anayechungulia juu ya ukuta.

Ndugu yake wa kiume alivuka kutoka ng'ambo na wanaume watatu. Mukubwa wa muji aliita watu pwani, pale mitumbwi inapovutwa. Wachuuzi wa Congo walikaa upande mumoja na wenyeji upande mwingine, na mimi, ambaye nilikuwa wa kote kuwili, nilikaa na wanawake wa ukoo wa mume wangu. Wachuuzi walikuwa wamekwisha kusema mengi: kwamba muzee alimushona mugeni kwa wadudu waliokufa, kwamba anapenda watoto wa kwao na kuua wa wengine, kwamba macho yale si ugonjwa. Hata wenyeji hawakubisha sana. Mutu anayeponya kila wakati, siku akishindwa watu wanauliza kwa nini alichagua kushindwa.

Yule ndugu alikuwa mutu wa heshima. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, kwa Kiswahili cha kwetu, akimutazama bamayo. "Mama, hawa impashi, nani aliwaokota?"

Nilifungua mudomo. Ninasema kweli, niliufungua. Tumbo langu lilikuwa limeanza kuonekana. Niliona mume wangu amesimama nyuma ya wanaume, na dada zake, na nilijua watakachosema: mugeni, wa ng'ambo, aliharibu dawa ya nyumba yetu kwa makusudi. Wangenirudisha kabla ya jua kuzama.

"Njo mimi niliyewaokota," bamayo akajibu. "Ni mikono yangu. Imezeeka."

Hapakuwa na faini, hapakuwa na mapigano. Yule ndugu akashukuru kwamba ameambiwa, wakaondoka. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeleta kidonda kwetu. Mutoto akikatwa walimufunga kitambaa, wakangojea mutumbwi. Wengine walifika hospitalini salama. Wengine walichelewa, na mumoja ninamujua, ninajua na jina lake, ambaye hakufika. Wale mama waliokuwa wakipiga magoti njiani walianza kupita njia ya chini, ya matete, ili wasikutane naye. Yeye alisikia miguu yao ikigeuka. Kipofu anasikia. Aliketi mulangoni, mikono juu ya mapaja, viganja juu, kama mutu aliyeambiwa angoje kupewa kitu.

Mimi nilimufulia, nilimupikia, nilimuchana nywele. Watu walinisifu kwamba ni muke mwema. Kila sifa ilikuwa kama kuumwa na yule wa pili, aliyeingia chini ya ukucha.

Miaka ilipita minne, labda mitano. Mutoto wangu alikuwa anakimbia. Siku moja muchana nilikuwa ninamupaka bamayo mafuta mikononi, alikuwa haondoki tena kitandani, na akasema, kama anayeendelea na mazungumuzo ya jana:

"Wale wawili walikuwa na meno."

Sikujifanya sijui. "Ndiyo, bamayo."

"Na wengine?"

"Weupe."

Nilimuuliza kwa nini hakusema pale pwani. Akajibu kwamba mujukuu wake alikuwa tumboni mwangu, na kwamba yeye macho yalikuwa yamekwisha kwenda, kazi ile ingemuacha tu. Halafu akanishika kidole, akakitafuta kile chenye kovu chini ya ukucha, akakibonyeza. "Utasema siku utakapoweza," akasema. Hakusema ni lazima. Ingekuwa rahisi zaidi kama angesema ni lazima.

Alikufa kabla ya mvua. Yaya alivuka kuja kwenye kilio. Alishuka mutumbwini akichechemea, na watu wakamupisha, wakifikiri amekuja kutukana maiti. Alikuja kulia tu. Siku ya tatu nilimusindikiza pwani, na pale, karibu na mahali lata lilipoanguka, nikamwambia yote, wekundu wawili na weupe saba. Alikunja kitenge chake mpaka gotini, akatazama kovu. Katikati yake kulikuwa na mahali pawili palipofungwa vizuri, laini, kama ngozi ya mutu muzima.

"Muguu nimeuzoea," akasema. "Mimi unaniambia nifanye nini? Uende uwaambie wale walioacha kumupigia magoti."

Nikamwambia nitakwenda. Sikwenda. Tulihamia huku Nchelenge, watoto wakaja, mume wangu akafa, na kila mwaka niliona nimechelewa zaidi ya ule wa nyuma, na kwamba waliobaki wamesahau. Mpaka mujukuu aliponisomea simu yake, nikasikia maneno ya bamayo yanatoka kwa watu wa vyuo, na wanayaita elimu.

Juzi nilichukua fimbo yangu nikaenda nyumba ya kwanza ya wale walioacha kumupigia magoti. Ni ya muzee mumoja anayetengeneza nyavu karibu na soko la samaki. Ndiye yule mutoto aliyepasuliwa kichwa na kasia. Mama yake alikuwa wa kwanza kupita njia ya matete. Nilimweleza yote, nimesimama, sikutaka kiti. Nilimweleza na ile zinki, nikaikosea, nikaanza tena. Alisikiliza huku sindano ya nyavu iko mudomoni. Kisha alivua kofia, akaweka kidole juu ya upara, mahali penye mustari mwembamba.

"Mama alisema nilipona kwa bahati," akasema. "Alikataa jina la yule bibi litajwe nyumbani kwetu."

Akawaita watoto wake na wajukuu kutoka nyuma ya nyumba. Akanisogezea kiti, na safari hii nikakaa. Akaniambia, "Useme tena. Na jina lake ulitaje."

Nililitaja.

Upande huu zimebaki nyumba sita. Nyingine ziko Kilwa. Mujukuu anasema mimi ni muzee mno kwa mawimbi, niandike barua. Nimemwambia anitafutie tu nafasi katikati ya mutumbwi, pasipoingia maji, na siku isiyo na upepo.